Mtoto wa Mshonaji wa Port Louis Aliyefuata Njia ya Maumivu

Ukitoka Migori mjini kwa matatu ya kwenda Homa Bay, utapita kwanza mashamba ya miwa ya Awendo, ufike Rongo, halafu gari likate kushoto kuelekea Rodi Kopany. Mwaka jana niliipita hiyo barabara mara nyingi kuliko nilivyotaka, dawa zikiwa kwenye begi la mgongoni, nikienda kumwona baba mdogo nyumbani kwa dani.

Baba mdogo alikata miwa Awendo nusu ya maisha yake. Mtu wa mabega. Halafu saratani ikamshika kwenye nyonga, ikakandamiza neva za mguu wa kulia, na yule mtu wa mabega akawa analia usiku hadi majirani wanapunguza redio zao. Kama hujawahi kulala chumba kimoja na maumivu ya namna hiyo, sitajaribu kukueleza. Niseme tu tulikuwa tunajua saa za usiku kwa sauti yake. Dawa tulizopewa mwanzoni ni zile zile unazonunua dukani ukiumwa na kichwa. Morfini ya maji ilikuja baadaye, ikiwa imechelewa.

Siku moja daktari kijana aliyekuwa akimpima alitaja, kwa kupitia tu, kwamba kuna nchi ambako mtu kama huyu angeweza kukatiwa njia yenyewe ya maumivu mgongoni, mguu ubaki lakini uache kuuma. Akataja jina la upasuaji huo, kodotomi, kisha akaenda kitanda cha pili. Alikuwa na wagonjwa wengi, simlaumu.

Sasa mimi huyu niliacha chuo mwaka wa pili, tena nilikuwa nasomea uhasibu, kwa hivyo usinichukulie kama daktari. Lakini simu ninayo na bando ninalo. Usiku huo nikatafuta. Cha kwanza kunitokea kilikuwa kuhusu koo, bana! Kumbe jina hilo linabeba pasuaji mbili. Moja ni ya nyuzi za sauti: mtu akipooza nyuzi zote mbili, mara nyingi baada ya kupasuliwa tezi ya shingo, nyuzi zinabaki karibu kufungana na hewa haipiti. Daktari anakata kidogo nyuma ya uzi mmoja kwa miale ya leza ili mgonjwa apumue. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1989. Unapata hewa, unapoteza kiasi cha sauti. Ni bei ngumu, lakini mtu anaweza kuishi bila kubeba tundu shingoni.

Ya pili ndiyo niliyokuwa naitafuta, ile ya ugwe mgongo, yaani kamba nene ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Nilipouliza nani alijua kwanza kwamba maumivu yana barabara yake humo ndani, na kwamba barabara hiyo inavuka upande, nikapelekwa kwa mtu ambaye sikutarajia kabisa. Nilidhani ni profesa fulani wa kule kwenye theluji. Kumbe ni kijana wa kisiwa cha Bahari ya Hindi, hii hii inayogusa Mombasa. Anaitwa Charles-Édouard Brown-Séquard. Madaktari wote wanamjua, kwa sababu kuna ugonjwa unaobeba jina lake. Sisi wengine ndio hatumjui. Hebu kaa nikupe stori yake.

Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1817, Port Louis, mji mkuu wa Morisi, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekinyang'anya Wafaransa miaka michache tu kabla. Ni nchi ya miwa kama Awendo, na wakati huo miwa ilikatwa na watumwa. Baba yake, Edward Brown, alikuwa nahodha Mmarekani kutoka Philadelphia. Alisafiri na meli yake kabla mtoto hajazaliwa na hakuonekana tena. Bahari ilimla, au maharamia, hakuna aliyerudi kusimulia. (Shika hilo jina, Philadelphia. Tutarudi huko.)

Akabaki mama, Charlotte Séquard, mwanamke wa kisiwani mwenye asili ya Kifaransa. Alikuwa anashona ndio wapate kula. Mtoto akakua, akafanya kazi ya ukarani dukani, na ndoto yake haikuwa udaktari hata kidogo. Alitaka kuandika. Mashairi, tamthilia, hadithi za mapenzi. Ndiyo, alikuwa mmoja wetu.

Mwaka 1838, akiwa na miaka 21, mama na mwana wakapanda meli kwenda Paris. Kijana akabeba maandishi yake hadi kwa Charles Nodier, mwandishi aliyekuwa na jina kubwa wakati huo. Nodier akasoma, akamshauri atafute kazi nyingine. Iliuma bila shaka, lakini hakukaa kulialia. Akajiandikisha udaktari, na mama akawa anapangisha vyumba kwa wanafunzi wengine kutoka Morisi ili karo ipatikane. Wewe uliyesomeshwa na mama wa kuuza omena au mitumba unaijua hiyo hesabu.

Kabla hajamaliza masomo, mama akafa. Charles alivurugika, akaacha kila kitu, akarudi kisiwani, kisha akarejea tena Paris. Ni baada ya kifo hicho ndipo alipounganisha jina la mama na la baba, akawa Brown-Séquard maisha yake yote. Katika hadithi yote ya huyu mtu, hapo ndipo ninapompenda zaidi.

Januari 1846 akapata shahada, kwa tasnifu iliyohusu huo huo ugwe mgongo. Pesa hakuwa nazo. Aliishi chumba kimoja na wanyama wake wa majaribio, sungura na simbilisi (wale kama panya mnene asiye na mkia), akifanyia utafiti hapo hapo anapolala. Na hapa lazima tusimame kidogo.

Wakati huo wataalamu waliamini kwamba hisia zote, pamoja na maumivu, zinapanda kwenda ubongoni kwa sehemu ya nyuma ya ugwe mgongo, na kwamba zinapanda upande ule ule zilikotoka. Brown-Séquard akakata hiyo sehemu ya nyuma kwa mnyama. Kama wakubwa walikuwa sahihi, mnyama asingehisi kitu. Akahisi. Tena alionekana kuhisi zaidi. Basi akajaribu kingine: akakata nusu ya ugwe, upande mmoja tu, tuseme kulia. Mguu wa kulia ukapooza, lakini ukiubana, mnyama anaruka. Mguu wa kushoto unatembea vizuri, lakini ukiubana, kimya. Maumivu yalikuwa yamevuka. Yanaingia ugwe mgongo kutoka kushoto, yanahamia kulia, ndipo yanapanda.

Aliyaandika haya kati ya 1849 na 1851, akiwa na miaka thelathini na kitu. Watu mashuhuri walikataa. Ikabidi mwaka 1855 jopo liundwe likague majaribio yake, likiongozwa na Paul Broca, yule ambaye baadaye jina lake lilipewa sehemu ya ubongo inayohusika na kuongea. Jopo likakubali kwamba alichoona ni kweli. Leo mtu akidungwa kisu mgongoni kikakata nusu ya ugwe, daktari yeyote wa zamu anajua atafute nini: upande uliokatwa umepooza, upande wa pili hausikii maumivu wala joto. Hiyo ndiyo hali inayoitwa kwa jina la Brown-Séquard.

Sitakuficha kitu: wale wanyama waliteseka. Maarifa ya kuondoa maumivu yalipatikana kwa kuyasababisha, na watetezi wa wanyama hawakumsamehe. Nilipofika hapo nikaweka simu chini kwa muda. Halafu nikasikia baba mdogo chumba cha pili, nikaichukua tena.

Ila huyu jamaa hakuwatesa wanyama peke yao. Alijitesa mwenyewe, tena sana. Alitaka kujua maji ya tumboni yanavyofanya kazi, basi akawa anameza vipande vya sponji vilivyofungwa kwa uzi na kuvivuta nje. Alifanya hivyo hadi tumbo likazoea, akawa anacheua kama ng'ombe kwa maisha yake yote. Fikiria kualikwa chakula cha jioni na mtu huyo.

Siasa za Ufaransa zilipogeuka na Louis-Napoléon akachukua nchi, Brown-Séquard, aliyekuwa mpenda jamhuri, akaondoka mwaka 1852 kwenda Marekani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, kwa hivyo akawa anakifanyia mazoezi melini. Huko alifundisha Kifaransa, akazalisha akina mama, akatoa mihadhara popote alipoitwa. Akamwoa Ellen Fletcher wa Boston. Kisha 1854 akarudi nyumbani Morisi, akakuta kipindupindu kimeshika kisiwa.

Angeweza kugeuza meli, si ndiyo? Alikaa. Akatibu watu. Na kwa kuwa alitaka kujua kama afyuni inatibu kipindupindu, alifanya jambo ambalo nikikuandikia utaacha kula: alimeza matapishi ya wagonjwa, kisha akanywa afyuni nyingi juu yake. Karibu imuue, hiyo afyuni. Watu wa kisiwa walimpa nishani ya dhahabu.

Mwaka huo huo akaajiriwa kufundisha chuo cha udaktari cha Richmond, Virginia. Hapo akataka kujua kazi ya ngozi, akajipaka vanishi mwili mzima, ile ya kupaka viti. Alikutwa amezirai sakafuni kwenye maabara, na mwanafunzi mmoja akaokoa maisha yake kwa kumkwangua. Hakudumu Virginia hata mwaka mzima. Inasemekana mihadhara yake haikueleweka. Inasemekana pia kwamba ngozi yake iliyokolea kidogo na maoni yake kuhusu utumwa havikupokewa vizuri kwenye jimbo lililoishi kwa utumwa. Mtu aliyekulia kwenye mashamba ya miwa ya Morisi alijua utumwa kwa macho yake.

Baada ya hapo maisha yake ni meli juu ya meli. Mwaka 1856, akiwa Paris tena, alionyesha kwamba ukitoa zile tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, mnyama anakufa. Mwaka 1858 alitoa mihadhara London iliyomfanya kuwa jina kubwa, na 1860 akawa daktari wa hospitali mpya ya watu waliopooza na wenye kifafa, pale Queen Square. Wagonjwa walijaa hadi akashindwa kupumua, akaondoka. Mwaka 1864 akawa profesa Harvard. Mkewe akafa mwaka huo huo. Akaondoka Harvard pia, 1867. Wanasema alivuka Atlantiki zaidi ya mara 60. Alioa mara tatu. Sijui alikuwa anakimbia nini, au anamtafuta nani baharini, na nikianza kukisia nitaandika tamthilia mbaya kama zake.

Mwishowe, mwaka 1878, alipewa kiti cha Claude Bernard katika Collège de France, cheo ambacho mtu wa fani hiyo akikipata hana tena pa kupanda. Mtoto wa mshonaji. Alikuwa na miaka 61.

Hadithi ingeishia hapo angekuwa mtu wa kutulia. Juni 1889, akiwa na miaka 72, alisimama mbele ya wanasayansi wenzake Paris, akawaeleza kwamba amejidunga sindano za maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na simbilisi, na sasa anapanda ngazi mbio, anafanya kazi hadi usiku, na hata mkojo wake unaenda mbali kuliko zamani. Alipima, ndiyo. Magazeti yalishangilia, matapeli wakaanza kuuza chupa za ujana, na madaktari wengi wakamcheka. Leo tunajua mchanganyiko ule haukuwa na nguvu aliyodhani. Homoni yenyewe ya kiume ilitengwa mwaka 1935 tu. Aliponywa na matumaini. Lakini wazo kwamba tezi inatoa kitu kwenye damu, na kwamba unaweza kumpa mgonjwa kitu hicho kutoka kwa mnyama, halikuwa la kijinga. Miaka miwili baadaye daktari mmoja Mwingereza alimtibu mama mgonjwa kwa maji ya tezi ya kondoo, na mama huyo akapona. Kwa hivyo ukiona dawa za ajabu za nguvu za kiume zinauzwa stendi ya Migori, ujue babu yao alikuwa profesa.

Alikufa Aprili 1894, karibu afikishe miaka 77.

Na maumivu je? Hapa ndipo pananisumbua. Tangu 1851 ilikuwa imeandikwa kwamba njia ya maumivu inavuka. Hakuna mgonjwa aliyepata nafuu yoyote kwa habari hiyo kwa karibu miaka 60. Ramani ilikaa kabatini. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari wa neva William Spiller alimchunguza marehemu aliyekuwa na uvimbe wa kifua kikuu ndani ya ugwe mgongo. Akiwa hai, mtu huyo alikuwa amepoteza hisia za maumivu na joto, na uvimbe ulikuwa umekaa kwenye sehemu ya mbele na kando. Spiller akajua barabara inapita wapi hasa. Mwaka 1911 akamshawishi mpasuaji Edward Martin aikate kwa mgonjwa aliye hai, mwanaume aliyekuwa na uvimbe chini ya mgongo na maumivu makali ya miguu. Walitangaza kazi yao mwaka 1912. Mji? Philadelphia. Nilikwambia ushike jina hilo. Nahodha Brown aliondoka huko hakurudi, na karibu karne moja baadaye kazi ya mwanawe ikatua bandari ile ile.

Upasuaji ule wa kwanza ulikuwa mkubwa, wa kufungua mfupa wa mgongo. Mwaka 1963 huko Chicago wakaanza kutumia sindano peke yake, ikiingizwa kando ya shingo, chini kidogo ya sikio. Baadaye ncha ya sindano ikawa inapashwa joto kwa umeme, inachoma sehemu ndogo kabisa ya ugwe. Mgonjwa yuko macho wakati wote, kwa sababu daktari lazima amuulize anahisi nini na wapi. Ikifanikiwa, maumivu ya upande mmoja yanazimika hapo hapo kitandani, mtu akiwa bado anasogeza mguu wake.

Usidhani ni muujiza lakini. Sindano ikikosea kidogo, mguu unadhoofika, au mkojo unagoma, au kupumua usingizini kunaingia mashakani. Na nafuu yenyewe hufifia, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili, ndiyo maana huhifadhiwa kwa watu wenye saratani ambao muda wao ni mfupi. Morfini ilipokubalika zaidi, upasuaji huu ukapungua duniani kote, na madaktari wanaoujua sasa ni wachache hata Uingereza. Kwa hivyo sikukasirika kwamba haupo kando ya ziwa. Nilichokasirikia ni ile chupa ya morfini. Hiyo haihitaji mtambo wala mpasuaji. Inahitaji mtu wa kuiandika na duka la dawa la kuiweka. Baba mdogo aliipata wiki tatu za mwisho. Wiki hizo tatu alilala. Alikula samaki. Alimuuliza dani habari za ng'ombe.

Ilikuwa katika siku hizo nilipomsimulia haya yote, kwa Dholuo, na kwa Kiswahili pale maneno yaliponiishia. Ile ya vanishi ilimchekesha hadi akakohoa. Ya mama kupangisha vyumba aliinyamazia. Alipofika kwenye habari ya kuvuka hakuamini, akataka nimchoree, basi nikachukua daftari la binamu yangu nikachora mgongo, mguu wa kulia, na mstari unaopanda kisha unahamia upande wa pili. Akauangalia muda mrefu. Akageuka kwa taabu kunipa mgongo, akaniambia nimwekee kidole pale ambapo wangekata.

Nikamwekea upande wa kushoto. Akaniambia nimekosea, mguu unaouma ni wa kulia.